Ufunguo wa tatu: kisa cha kikundi kimoja cha hisa, Dodoma

Kwa nani, na kwa ruhusa ya nani

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya wawezeshaji wenzangu wa vikundi vya kuweka na kukopa, hasa wanaolea vikundi vya wanawake watupu. Kata nimeificha, majina nimeyaacha, kazi za watu wawili nimezibadilisha. Mhusika mkuu, mtu aliyeishi kama mwanamke huku kitambulisho chake kikisema mwanaume, nimemwita Fundi. Nilimsomea rasimu kwa simu mwanzo hadi mwisho. Akaomba nifute aya moja, nimeifuta. Mama ninayemwita Mama wa Zabibu naye alisikiliza sehemu yake, akasema, "Andika hivyo hivyo, usinipunguzie ukali." Sijampunguzia.

Kikundi chenyewe

Walikuwa wanachama 22, kwenye kata moja ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Ni upande ule ambao kabla serikali haijahamia kulikuwa na mashamba ya mtama, leo ni viwanja vilivyopimwa na nyumba zisizokwisha. Wengi wao wanaishi kwa huo ujenzi: mama lishe wanaowapikia mafundi, wauza maji, wauza mbogamboga. Wawili wanauza ubuyu na mlenda mkavu, mmoja ana nusu ekari ya zabibu. Wanakutana kila Jumatano saa 9 alasiri chini ya mwarobaini, uani kwa mwenyekiti. Huyu ni bibi wa Kigogo wa miaka 60 na kitu, anayefungua kikao kwa salamu ya kwao, "Mbukwenyi", hata kama nusu ya waliokaa ni Warangi, Wanyaturu na Wasukuma.

Sanduku lao ni la bati, rangi ya kijani, lina kufuli tatu. Anayelea vikundi hivi anaujua utaratibu: funguo hukaa kwa watu watatu wasio viongozi na wasio ndugu, ili sanduku lisifunguke mpaka watatu hao wakutane mbele ya wanachama wote.

Kifungu cha 4 cha katiba ya kikundi kinasema mwanachama awe mwanamke wa umri wa miaka 18 na kuendelea. Kifungu hicho kina historia. Waanzilishi walitoka kwenye kikundi cha mchanganyiko ambako wanaume wachache ndio waliobeba mikopo mikubwa, na baadhi yao hawakurudi. Siku ya kugawana, mume wa mwanachama mmoja alifika na kitabu cha mkewe mfukoni, akapokea fedha, akaondoka nazo, mkewe amekaa palepale kwenye mkeka. Kwa hiyo walipoanza upya walijenga uzio. Uzio ule ulijengwa dhidi ya waume na wadaiwa sugu. Habari za watu kama Fundi hazikuwa kichwani mwa yeyote.

Halafu kuna mengineyo. Kama ilivyo desturi ya vikao vyetu, ajenda ya mwisho ni mengineyo, lakini hapa ilikuja kuwa kikao kingine kabisa. Vitabu vikisharudi sandukuni na kufuli zikishafungwa, waliotaka walibaki. Hapo ndipo ziliposemwa habari za kupigwa, za mimba zilizoharibika, za mkojo usiozuilika baada ya uzazi, za binti aliyeguswa na mjomba wake. Hakuna aliyeandika. Mimi mwenyewe, pamoja na kuwa mwanamke na mwalimu wao, nilikaribishwa kubaki baada ya mwaka mzima.

Fundi aliingia mwaka 2021. Alikuwa amefika Dodoma mwishoni mwa 2018 akitokea pwani. Ni miezi ileile ambayo mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, na Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Majirani hawasomi taarifa za wizara. Hayo niliyajua baadaye sana. Tulichokiona sisi ni mwanamke mrefu, mpole, anayeshona sare za shule, ambaye kwa miaka minne hakutozwa hata faini moja ya kuchelewa. Mwaka wa pili walimkabidhi ufunguo wa tatu.

Namba za NIDA

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mapema 2025 kikundi kikaamua kuomba, kama kikundi cha wanawake. Katibu akaanza kukusanya namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, na nakala za vitambulisho.

Wiki ya kwanza Fundi alisema kadi ameiacha kwa shangazi. Ya pili, shangazi kasafiri. Wiki ya tatu alikwenda nyumbani kwa katibu usiku, akamkabidhi kadi mkononi, akamwambia, "Naomba uione wewe peke yako, dada, halafu uniambie la kufanya."

Jina lilikuwa la kiume. Picha ilikuwa ya kijana mwembamba aliyenyoa. Mahali pa jinsi paliandikwa mwanaume.

Katibu alinieleza akilia. Alishtuka, akaipiga picha kadi ile, kwa nia ya kuniuliza mimi. Lakini mtu wa kwanza aliyemtumia alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, amshauri. Siku mbili baadaye picha ileile ilimrudia kutoka simu ya mtu asiyemjua vizuri, juu yake yameandikwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Sanduku lisilofunguka

Jumatano iliyofuata mwenyekiti alinipigia: "Mwalimu, njoo, kuna jambo la aibu." Nilikuta wanawake 21 wamekaa duara, sanduku katikati, kufuli mbili zimefunguliwa na moja imefungwa. Fundi hakuja. Vitabu vyote vilikuwa ndani. Hakuna hisa iliyoweza kugongwa muhuri, na alikuwapo mama aliyekuja kuchukua mkopo wa dharura, mtoto kalazwa.

Tulikaa karibu saa nzima. Kisha akaja mtoto wa kiume wa miaka kama 8, ameshika kitambaa cha buluu, kipande cha sare, kimefungwa fundo. Mwenyekiti alilifungua fundo kwa meno. Ufunguo ulikuwa ndani.

Fedha zikahesabiwa. Haikupungua hata shilingi, ingawa siku ile sikumsikia mtu akilisema hilo.

Walichokisema ni msiba wa Kondoa. Mwaka uliotangulia walikwenda kumzika mama wa mwanachama mwenzao. Wanaume walilala nje kwenye turubai, wanawake ndani kwenye mikeka, na Fundi alilala ndani.

"Alilala ubavuni kwangu, nami nina upande mmoja wa khanga," alisema muuza maji mmoja.

"Akakufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Ndiyo nakwambia, alilala!"

Wengine wakacheka, wengine wakakasirika na kicheko. Hapo nikaanza kusikia lugha ikibadilika. Kiswahili hakina mtego wa "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, kwa hiyo ugomvi unaowatoa jasho wenzetu wa lugha nyingine sisi tumepunguziwa. Kwetu mtego uko kwenye majina ya undugu. Hadi Jumatano iliyopita alikuwa "dada Fundi". Siku ile alikuwa "huyu mtu", na mama mmoja, kwa makusudi, akasema "huyo kaka yenu". Lilitajwa na neno shoga pia. Wanawake wawili wa pwani waliokuwapo huitana shoga kila siku kwa maana ya rafiki wa kike, niliwaona wakitazamana.

Wa mwisho kusema alikuwa Mama wa Zabibu. Hakupandisha sauti. "Mimi sina shida na ushonaji wake. Lakini mbele yake nimesema mambo ya mwili wangu. Niliyasema kwa kuwa nilijua hapa hakuna mwanaume. Nani aliniuliza?"

Hakuna aliyemjibu, na mimi sikuwa na jibu. Wanaodhani pingamizi zote katika jambo hili ni chuki wamfikirie mama huyu. Miaka ya nyuma alibakwa na mtu wa familia ya mumewe, na mahali pa kwanza duniani kulisema hilo palikuwa pale chini ya mwarobaini.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa picha. Nilimchukua katibu, tukaenda kwa nduguye, tukafuta, tukauliza imekwenda kwa nani, tukaenda kwa huyo pia. Niliwaeleza kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na kitambulisho cha mtu si umbea wa kusambaza. Maneno ya sheria yaliwatisha kuliko maneno ya utu, nami siku ile nilitumia kilichofanya kazi. Lakini picha ikishatoka kwenye simu tatu imekwenda.

La pili, kutokwenda kwa mtendaji wala polisi. Wanachama wawili walitaka tupeleke "kabla hatujaambiwa tunaficha". Niliwauliza tunapeleka kosa gani. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ni kikali, kifungo cha maisha na kisichopungua miaka 30, lakini kinahusu tendo, na hakuna aliyesema ameona tendo lolote. Mtu akishafikishwa kituoni kwa uvumi, hata akitoka hana pa kurudi. Mwenyekiti aliniunga mkono kwa sababu yake mwenyewe: hataki askari uani kwake.

La tatu, mkopo. Hapa sikusita. Fomu ni ya kikundi cha wanawake, na kwa sheria zetu hakuna njia ya mtu kubadilishiwa jinsi na kutambuliwa hivyo. Kuna aliyependekeza tuweke namba ya mdogo wake mahali pa Fundi, mambo yaende. Huo ni udanganyifu, na ukigundulika wanaozama ni wote 22. Nilimpigia Fundi kumwambia kwamba ombi litakwenda na majina 21. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Nikamtajia vikundi vya vijana, ambavyo huchanganya wanaume na wanawake. Akacheka kidogo. "Huko ndiko nikaionyeshe kadi kwa watu wapya, Mwalimu?"

La nne, hisa zake. Mama mmoja alisema zitaifishwe, kwa kuwa "aliingia kwa uongo". Katiba ya kikundi ina sababu tatu za mtu kupoteza hisa, zote za wizi. Nikasoma kwa sauti. Mjadala ukaisha.

La tano ndilo gumu: mengineyo. Nilizungumza na Mama wa Zabibu peke yake, tukichambua mlenda nyumbani kwake. Nikazungumza na Fundi peke yake, ndani, mashine ya kushonea imefunikwa shuka. Fundi alisema jambo ninalolikumbuka neno kwa neno: "Sikuwahi kusema kitu pale, nilikuwa nasikiliza tu. Lakini najua kusikiliza nako ni kuchukua." Akajitolea mwenyewe: kufuli zikishafungwa ataondoka. Misibani hatalala chumba cha wanawake. Ufunguo arudishe au aendelee nao, kama watakavyo. Nilipompelekea Mama wa Zabibu hayo, alinyamaza kwa muda. "Kwenye sanduku sina neno naye," alisema. "Kwenye mengineyo, hapana. Hapo pawe petu."

Kwa hiyo wenyewe wawili, aliyeumia na aliyeumizwa, walikuwa wamefika mahali. Waliobaki ni wengine 20, na mimi.

Mahindi na maharage

Mwenyekiti alitaka kura. "Mwalimu, kikundi ni cha wote. Watu wawili hawawezi kuamua uani, sisi tukaletewa." Hoja yake ilikuwa ya haki. Nilipinga, si kwa nguvu, kisha nikakubali. Na nikafanya kosa ninalotaka lisomwe taratibu: niliandika mwenyewe swali la kupigia kura, nikaliandika hivi, "Fundi abaki au aondoke?" Punje ya hindi, abaki. Punje ya haragwe, aondoke. Kila mtu adumbukize kwenye kibuyu bila kuonekana.

Ilikuwa Mei 2025. Wiki hizo binti wa mwanachama mmoja, anayesoma chuo hapa mjini, alikuwa amemsimulia mama yake kwamba Mahakama ya Juu ya Uingereza imeamua. Ni kweli: tarehe 16 Aprili 2025 mahakama hiyo, kwenye kesi iliyofunguliwa na kikundi cha wanawake wa Scotland, ilisema neno mwanamke katika Sheria ya Usawa ya 2010 lina maana ya mwanamke wa kuzaliwa. Mama yule aliibeba habari hiyo kikaoni kama rungu: "Hata Wazungu wameshtuka!" Nusu ya pili hakuisimulia, kwamba mahakama ileile ilisema waliobadili jinsia bado wanalindwa na sheria hiyo dhidi ya ubaguzi na unyanyasaji. Sikumsahihisha. Niliona nikisahihisha nitaonekana nina upande. Nilikuwa nao.

Maharage 11, mahindi 10.

Kilichofuata

Fundi alilipwa hisa zake na sehemu ya faida ya mzunguko, akasaini, akahama mkoa ndani ya wiki mbili. Wazazi kadhaa walibaki na vitambaa vya sare vilivyokatwa lakini havijashonwa. Alivipanga kwenye mifuko yenye majina, akaviacha kwa mwenyekiti.

Mkopo wa halmashauri ulitoka, na marejesho yanaendelea vizuri.

Wanachama sita kati ya waliopiga mahindi walijitoa mzunguko ulipoisha, wakaanzisha kikundi chao mtaa wa pili. Katiba yao imeruka kifungu cha jinsi kabisa. Inasema mwanachama awe mtu aliyekubaliwa na wanachama wote. Hadi sasa wote ni wanawake.

Mengineyo ilikufa. Hili sikulitarajia, na ndilo lililonifanya niandike. Wiki ya kwanza baada ya kura walibaki watu wanne, wiki ya pili wawili, wiki ya tatu kufuli zilifungwa na kila mtu akabeba kiti chake. Nilidhani sasa Mama wa Zabibu atapata mahali pake tena. Nilimfuata. Akaniambia, "Picha yake ilitoka. Na yangu ikitoka je?"

Uchambuzi: eneo moja au matano?

Mwaka 1995, huko Vancouver, Kanada, mwanamke aliyebadili jinsia aitwaye Kimberly Nixon alikwenda kujifunza kazi ya kuwashauri wanawake waliobakwa na kupigwa, kwenye kituo cha Vancouver Rape Relief. Yeye mwenyewe alikuwa amepitia ukatili. Usiku wa kwanza wa mafunzo aliombwa aondoke. Baraza la haki za binadamu la jimbo lilimpa ushindi mwaka 2002, mahakama ikautengua 2003, ya rufani ikakubaliana na kutenguliwa huko 2005, na 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kusikiliza rufaa. Miaka 12 kwa swali la nani akae kwenye duara la wanawake walioumizwa na wanaume. Nawasimulia wawezeshaji kesi hii kwa sababu pande zote mbili zilikuwa za wanawake waliochoka kuumizwa, na kwa sababu ubishi wenyewe ulikuwa wa duara lile: nani anafaa kumsikiliza aliyebakwa.

Kosa langu la Mei ni kwamba nilisahau hilo. Nilikuwa na kikundi kimoja lakini maeneo kama matano. Sanduku ni eneo la fedha. Limewekewa uzio kwa sababu waume walibeba fedha, na Fundi hakuwa na mume wala hakubeba kitu. Mkopo wa halmashauri ni fungu la serikali, lina masharti yake, na kikundi hakina mamlaka ya kuyalegeza. Mkeka wa msibani ni eneo la mwili na usingizi. Mengineyo ni eneo la majeraha. La tano ni jina lenyewe, kuitwa dada. Kila moja lina sababu yake ya kuwa la wanawake, na sababu hizo hazina uzito sawa. Mtu anaweza kufaa kwenye sanduku na asifae kwenye mengineyo, kama mimi nilivyokaa mwaka mzima nje ya mengineyo huku nawafundisha kuhesabu hisa. Wale wawili waliliona hilo. Nilipoandika "abaki au aondoke" niliyafunga yote matano kwenye punje moja.

Kura ingekuwa juu ya lile pendekezo lao, naamini lingepita. Siwezi kuthibitisha. Lakini baadaye mwanachama aliyetia haragwe aliniambia, "Mimi nilikataa kulala naye. Hukuniuliza habari ya sanduku."

Semina ya mwaka 2023

Kuna jambo la kwetu sisi tunaojiita wanaharakati. Tangu mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing wa 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, mama Gertrude Mongella, tumezunguka nchi hii na karatasi kubwa ukutani, mstari katikati: upande huu jinsi, upande ule jinsia. Kunyonyesha, jinsi. Kupika, jinsia. Jinsi mtu anazaliwa nayo, jinsia anafundishwa na jamii. Tulikuwa tunawatoa wanawake jikoni kwa mstari ule, na umetusaidia sana.

Kikundi hiki nilikifundisha mstari huo mwaka 2023. Fundi alikuwapo, amekaa nyuma. Akauliza, "Mwalimu, na mtu akijifunza jinsia ya upande wa pili?" Watu wakacheka. Mimi nikajibu kwa mzaha, kwamba basi waume zetu wajifunze kuosha vyombo. Wakacheka zaidi. Tukaendelea na somo.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi. Mtu aliyachukua maneno yetu kama tulivyoyasema, nasi tukamjibu kwa vyombo. Sisemi kwamba mstari ule unajibu kila kitu. Mama wa Zabibu hakuumizwa na "majukumu ya kijamii", aliumizwa na mwili wa mtu dhidi ya mwili wake, na harakati za wanawake zikisahau miili zimesahau kazi yake. Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria, alipoulizwa mwaka 2017 alisema wanawake waliobadili jinsia ni wanawake waliobadili jinsia, kwamba aliyewahi kuishi duniani na nafasi wanazopewa wanaume ana historia nyingine, na alilaumiwa sana. Mimi nakubaliana naye kuhusu historia kuwa tofauti. Nilipomweleza Fundi hoja hiyo alijibu, "Hizo nafasi sikuziona, Mwalimu. Mimi nilianza kupigwa darasa la pili, kwa kutembea vibaya." Hiyo nayo ni historia tofauti.

Jingine. Huko Uingereza na Kanada kila upande una mahakama ya kwenda. Hata jirani zetu Kenya, Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2014 ikaamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake na kuondoa alama ya jinsi. Hapa kwetu aliyeshindwa ana barabara ya kituo cha mabasi tu. Kwa hiyo mwezeshaji asijidanganye kwamba anasuluhisha haki mbili zilizosimama sawa. Mama wa Zabibu angekosa, angepoteza duara, na hasara hiyo si ndogo. Fundi alipokosa alipoteza nyumba, wateja na mji.

Yaliyofaa, yaliyoharibika

Kutofika kwa mtendaji kulifaa. Kulipa hisa kwa kufuata katiba kulifaa, na ningeshauri kila kikundi kiandike mapema sababu za kupoteza hisa, wakati hakuna anayemchukia mtu. Kusema ukweli kwenye ombi la mkopo kulifaa pia.

Kilichoharibika zaidi ni kile tulichokiona kidogo. Kikundi kilikuwa na kanuni za faini ya kuchelewa, faini ya simu kulia, faini ya kuzungumza wakati wa kuhesabu, na hakikuwa na neno hata moja kuhusu siri. Kwa katibu tuliishia maonyo ya mdomo. Hakutozwa kitu, akaendelea na ukatibu, na mashoga zake wakamtetea kwamba alishtuka. Kweli alishtuka. Lakini wanawake wale waliona kwamba aliyetunza ufunguo miaka yote ametolewa, na aliyetoa siri amebaki na daftari. Baada ya hapo nani angebaki mengineyo? Tulimwondoa Fundi ili palindwe mahali pa kusemea, na mahali hapo palikuwa pameshatobolewa, kwa tundu lisilomhusu Fundi hata kidogo.

Sasa vikundi ninavyovilea vina kifungu cha siri, na vitambulisho hukaguliwa na watu wawili mezani, simu zimewekwa kapuni. Kikundi hiki kilikuwa cha mwisho kukipitisha. Ufunguo wa tatu uko kwa mkamwana wa mwenyekiti, kinyume na utaratibu, na nimeshasema mara mbili.

Mara ya mwisho nilipofika, mwenyekiti alinisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo huwa halifanyi. Akauliza, "Mwalimu, angefia hapa kwetu, angeoshwa na nani? Sisi, au tungeita wanaume?"

Nikamwambia, bibi, hilo sijui.

"Mimi ningemwosha," alisema. "Ila ningefunga mlango."